Ebola, Corona, mpox: juu ya nini watu wengi hawakuamini, na mashaka hayo yalitugharimu nini

Kila mara epidemi inapotangazwa katika majimbo yetu ya mashariki, kuna ulizo moja linalofika mbele ya dawa: "Iko kweli, ao ni makuta wanatafuta?" Ulizo hilo lilisikika Mangina, Beni na Butembo wakati wa Ebola, kuanzia 2018. Lilisikika Goma, Bukavu na Bunia wakati wa Corona, 2020. Na mpox ilipoanza kuenea Kamituga, kwenye migodi ya dhahabu ya Mwenga, 2023, watu waliliuliza tena.

Mara nyingi wakubwa walijibu kwamba wanainchi wanakosa elimu. Jibu hilo ni rahisi, lakini halielezi kitu. Watu waliouliza walikuwa na sababu, na sababu nyingi zilikuwa za kweli. Upande mwingine, kuna watu waliokufa kwa kujibu ulizo hilo vibaya, na wengine walikuwa majirani wetu. Tunajaribu hapa kupanga mambo hayo yote mawili: mashaka yalitoka wapi, na yalituumiza wapi.

Ebola ilikuta Beni tayari iko ndani ya kilio

Tarehe 1, mwezi wa nane 2018, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, katika teritwari ya Beni. Ilikuwa mara ya kumi ugonjwa huo kuonekana katika inchi yetu tangu ulipojulikana Yambuku 1976, lakini kwa Kivu ya Kaskazini ilikuwa mara ya kwanza. Juma moja tu mbele yake, tarehe 24, mwezi wa saba, serikali ilikuwa imetangaza mwisho wa Ebola ingine, ile ya Équateur. Kwa mutu wa Beni, ilionekana kama ugonjwa umepanda ndege kule na kushukia hapa. Maabara ya INRB ya Kinshasa ilipima virusi vya pande zote mbili na kuona kwamba havina uhusiano. Lakini habari ya maabara inatembea polepole, na uvumi unapanda piki.

Tena, Beni haikuwa muji wenye amani uliokuwa unangojea wanganga. Tangu mwezi wa kumi 2014, watu wa Beni na vijiji vya kando walikuwa wanazika ndugu zao waliouawa kwa mapanga na mashoka. Waliomba msaada miaka minne. Halafu Ebola ikatangazwa, na katika majuma machache jeep zikajaa barabarani, hoteli zikajaa, wageni wakaja kutoka pande zote za dunia. Watu waliuliza: "Wakati tulikuwa tunachinjwa, hawa wote walikuwa wapi? Kifo cha panga hakihesabiwe?"

Ulizo lingine lilikuwa juu ya magonjwa mengine. Malaria inaua watoto wetu kila mwaka, na hakuna mutu anayekuja na jeep mia moja juu yake. Mwaka wa 2019, wakati wa Ebola yenyewe, surua ilikuwa inaenea katika inchi yote. Epidemi hiyo ya surua iliua watu zaidi ya 6,000, karibu wote watoto wadogo. Ebola ya mashariki, toka mwanzo mpaka mwisho, iliua karibu watu 2,300. Basi surua iliua zaidi ya mara mbili, lakini ilipata sehemu ndogo sana ya makuta na ya kelele.

Hesabu hiyo watu waliifanya vizuri. Ebola inaogopesha dunia kwa sababu inaua wagonjwa wengi sana kati ya wale inaowashika, na kwa sababu inaweza kuvuka mipaka. Surua, wenye inchi za matajiri wanaona wamekwisha kuimaliza kwao kwa chanjo. Makuta ya misaada inafuata sana woga wa wale wanaoitoa kuliko idadi ya makaburi yetu. Mutu anayesema hivyo hakosi akili. Anasema jambo ambalo hata wafanyakazi wengi wa mashirika walikuwa wanalisema kati yao.

Kura iliyoahirishwa

Kama kulikuwa bado watu wenye kusita, mwisho wa 2018 uliwapa jibu baya. Tarehe 26, mwezi wa kumi na mbili, siku nne mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na inchi yote. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mbaya. Kura yao ilipelekwa mwezi wa tatu 2019. Lakini Raisi mpya aliapishwa tarehe 24, mwezi wa kwanza 2019. Kwa kusema wazi, sauti za watu wa Beni na Butembo hazikuhesabiwa katika kuchagua Raisi.

Watu walishangaa: masoko yako wazi, makanisa yako wazi, shule ziko wazi, ni sanduku la kura peke yake ndilo linaleta Ebola? Kesho yake watu wenye hasira walivamia kituo cha wagonjwa Beni. Tarehe 30, siku ya uchaguzi, vijana wa Beni walipanga kura yao wenyewe, na watu walinawa mikono kabla ya kupiga, kuonyesha kwamba inawezekana.

Tangu siku ile, mbele ya macho ya watu wengi, Ebola ilikuwa imeingia katika siasa. Wanganga hawakukuwa katika uamuzi huo, lakini wao ndio waliokutana na mawe.

"Ebola bizinesi"

Jina hilo lilizaliwa hapa kwetu, na lilikuwa na sababu. Riposti ilikodisha magari kwa bei kubwa, ilikodisha nyumba, ililipa walinzi wenye silaha. Munganga wa sentre ya afya, aliyemaliza miezi bila mushahara, aliona mugeni analipwa kwa siku moja kile yeye hapati kwa mwezi. Mutu mwenye homa ya Ebola alitunzwa bure, na mwenye homa ingine aliambiwa atafute makuta.

Halafu mambo mengine yakatoka wazi. Mwezi wa tatu 2020, Korti ya Kinshasa ilimuhukumu Waziri wa Afya wa zamani, Oly Ilunga, miaka mitano ya kazi ngumu juu ya kutumia vibaya dola zaidi ya 400,000 za kupigana na Ebola. Yeye alikana mashitaka hayo. Mwezi wa tisa 2020, waandishi wa habari walitangaza ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50 wa Beni: walisema kwamba wanaume wa riposti waliwaomba mwili ili kuwapa kazi. Tume iliyoundwa na OMS ilifanya uchunguzi, na ripoti yake ya mwezi wa tisa 2021 iliandika juu ya watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wametumikia OMS yenyewe.

Kwa hiyo mutu akisema kulikuwa bizinesi, hatuwezi kumuita muongo. Kulikuwa.

Namna mashaka yalivyosaidia virusi

Mwezi wa tisa 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mutu mmoja kati ya wane alisema Ebola haipo. Wale waliosema wanaamini kwamba wakubwa wa pale wanafanya kazi kwa faida ya wanainchi hawakufika hata mutu mmoja kati ya watatu. Na watafiti waliona jambo lingine: wenye kukosa imani walikuwa wepesi zaidi kukataa chanjo, na wepesi zaidi kukataa kwenda kutunzwa.

Hapa ndipo mashaka yanakuwa hatari, na inafaa kueleza namna Ebola inavyofanya kazi.

Virusi vya Ebola vikiingia ndani ya mutu, dalili zinaweza kuonekana baada ya siku 2 mpaka siku 21. Mbele ya dalili, mutu huyo haambukizi. Dalili za kwanza zinafanana na malaria ao tifoide: homa, kichwa, uchovu, kutapika. Mutu akizidi kugonjwa, virusi vinajaa katika damu, matapishi na maji mengine ya mwili. Akikufa, maiti yake inaambukiza sana. Basi anayepata Ebola kwanza ni yule anayempenda mugonjwa na kumutunza: mama, bibi, dada, munganga wa kartye. Njo maana Ebola ya mashariki ilishika wanawake kuliko wanaume, na ilipita sana katika vituo vidogo vya matunzo ambako mugonjwa alifichwa.

Mugonjwa mmoja aliyefichwa nyumbani siku tano anaweza kuacha wagonjwa watatu ao wane nyuma yake. Na kama familia inaosha maiti usiku ili ekipe ya mazishi isijue, kilio kimoja kinazaa vilio vingine juma la pili na la tatu.

Na CTE? Watu walisema: "Ukiingia pale hutoke." Ni kweli kwamba wengi waliingia na hawakutoka. Lakini angalia namna mambo yalivyofuatana. Mutu anaogopa CTE, anachelewa nyumbani siku sita ama saba, anafika virusi vimekwisha kuharibu maini na figo, anakufa baada ya siku mbili. Jirani anaona: aliingia akiwa hai, ametoka ndani ya sanduku. Jirani naye anachelewa zaidi. Woga ulizaa kuchelewa, kuchelewa kukazaa kifo, na kifo kikarudisha woga.

Lakini dawa ilikuwepo. Mwezi wa nane 2019, matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa hapa kwetu yalionyesha kwamba dawa mbili zinaokoa watu, na kwa wale wanaofika mapema, karibu 9 kati ya 10 wanaweza kupona. Moja ya dawa hizo ilitengenezwa kutoka damu ya Mukongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kwa kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Wengi walikufa wakati dawa iko kilomita chache tu na nyumba yao.

Hasira pia iliua. Mwezi wa pili 2019, CTE ya Katwa na ile ya Butembo zilishambuliwa na kuchomwa, na shirika la wanganga lililokuwa linazisimamia likaondoka. Tarehe 19, mwezi wa ine 2019, Dokta Richard Mouzoko, Mukameruni aliyetumikia OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya lopitali ya Butembo akiwa katika kikao na wenzake. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, mwenzetu, mwandishi wa redio ya jamii ya Lwemba katika Ituri, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa anaeleza wasikilizaji wake habari za Ebola, kazi kama hii tunayoifanya hapa.

Kilichobadilisha watu

Mabango na vitisho havikubadilisha wengi. Vitu vilivyosaidia vilikuwa vile mutu anaweza kuona kwa macho.

Katika CTE ya Beni, walianza kutumia vyumba vyenye kuta za kuonekana ndani. Familia ingeweza kusimama inje na kumuona mugonjwa wao, kusema naye, kuona ni dawa gani anapewa. Uvumi wa kwamba wagonjwa wanakatwa viungo ulipoteza nguvu pale familia ilipoona yenyewe.

Waliopona walifanya kazi kubwa. Mutu aliyepona Ebola anakuwa na kinga, basi waliopona waliweza kubeba na kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa ao wamekufa. Mama wa kartye alipoona mwenzake, anayemujua kwa jina, ametoka CTE na sasa anafanya kazi pale, maneno yalipungua.

Ekipe za mazishi nazo zilijifunza. Mwanzo zilikuja kama askari na kuchukua maiti. Baadaye familia ilipewa nafasi ya kusali, kuchagua mahali pa kaburi, na kusindikiza. Kazi zaidi zikapewa watu wa palepale, wenye kusema lugha ya palepale.

Matunda yalionekana 2021. Mwezi wa pili, Ebola ilirudi katika eneo la Butembo. Mwezi wa kumi, ilirudi Beni. Mara ya kwanza ilishika watu 12, mara ya pili 11, na kila mara ilimalizika katika miezi michache. Linganisha na watu zaidi ya 3,400 wa ile ya 2018 mpaka 2020. Virusi ni vilevile, udongo ni uleule, vita ilikuwa bado. Chanjo ilifika mapema, wanganga wa hapa walikuwa wamejifunza, na familia nyingi zilikuwa zinajua ugonjwa huo ni nini.

Corona ilikuta mlango umefungwa

Mugonjwa wa kwanza wa Corona alitangazwa Kinshasa tarehe 10, mwezi wa tatu 2020. Huku mashariki tulikuwa bado hatujamaliza Ebola, ambayo mwisho wake ulitangazwa tarehe 25, mwezi wa sita. Watu walikuwa wamechoka. Waliposikia tena "ugonjwa mpya, nawa mikono, usisalimiane", wengi walicheka: "Sura ya pili ya bizinesi."

Halafu sheria zikashuka kutoka Kinshasa. Shule, makanisa na mabare vilifungwa. Mwisho wa mwezi wa tatu kukawa hali ya dharura. Mupaka wa Rwanda ukafungwa. Kwa wakaaji wa Goma, Petite Barrière ndiyo shamba lao: makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanavuka pale kila siku na nyanya, unga, mayai na vitambaa. Mama anayeuza leo ili watoto wale leo, ukimwambia abaki nyumbani, unamuomba achague kati ya ugonjwa asiouona na njaa anayoijua. Sheria hizo zilifuata mfano wa miji ambako mutu anapata mushahara hata akilala nyumbani. Na mahali pengi polisi walipoanza kukamata wasiovaa kashne, kashne ikageuka njia ingine ya kutoa makuta mufukoni mwa watu.

Jambo lingine liliongeza mashaka: maiti hazikuonekana barabarani kama redio za inje zilivyotabiri kwa Afrika. Kongo yote ilihesabu wafu chini ya 1,500 wa Corona. Wengi wakasema: mumeona? Hakukuwa kitu.

Hapa lazima tueleze vitu viwili. Cha kwanza, Corona inaua sana wazee na wenye sukari ao presha. Kongo, zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 20. Inchi ya vijana inapoteza watu wachache kuliko inchi ya wazee, hata virusi vikipita kila kartye. Cha pili, idadi ile ni ya waliopimwa, na mwanzoni maabara ya kupima ilikuwa Kinshasa peke yake. Mutu aliyekufa nyumbani kwa kukosa pumzi, bila kupimwa, hayuko katika hesabu. Majirani zetu wa Zambia walifanya uchunguzi katika mochwari ya Lusaka 2020: katika maiti 364 walizopima, kati ya 15 na 19 kwa kila mia zilikuwa na virusi vya Corona. Wengi wao walikuwa wamekufa inje ya lopitali, na hawakupimwa hata mara moja wakiwa hai.

Kwa hiyo wale waliosema "Corona itamaliza Afrika" walikosea, na wale waliosema "Corona haikuwepo" walikosea pia.

Chanjo iliyorudishwa

Juu ya chanjo, mashaka yalikuwa yamepandwa mapema. Mwanzo wa mwezi wa ine 2020, munganga mmoja na mutafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza katika televisheni juu ya kufanyia Afrika majaribio ya chanjo fulani dhidi ya Corona. Siku zilezile, Profesa Muyembe alisema Kongo iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Alieleza baadaye kwamba hakuna kitu kingeanza hapa kabla ya kujaribiwa kwingine. Lakini neno likisha kutoka halirudi, na watu walikuwa wamesikia lile la kwanza.

Mwezi wa tatu 2021, dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika. Siku chache kabla ya kuanza, serikali ilisimamisha, kwa sababu inchi za Ulaya zilikuwa zinachunguza watu wachache walioganda damu baada ya chanjo hiyo. Kampeni ilianza mwezi wa ine, lakini watu waliokuja walikuwa wachache sana, na dozi zilikuwa karibu kupita tarehe. Kongo ikaachilia karibu milioni 1.3 ziende kwa inchi zingine za Afrika. Raisi mwenyewe alisema wazi kwamba alikuwa na mashaka juu ya AstraZeneca. Alichanjwa mwezi wa tisa, kwa chanjo ingine. Shefu akisita mbele ya sahani, ni nani atakula?

Kuganda damu kule kulikuwa kweli, lakini kulikuwa nadra sana. Corona yenyewe inagandisha damu mara nyingi zaidi. Habari hiyo ya pili haikufika masokoni. Iliyofika ni: "Wazungu wameikataa, wametuletea sisi."

Ni maulizo mawili

Ukisikiliza vizuri mabishano haya yote, utaona watu wanachanganya maulizo mawili. La kwanza: ugonjwa upo? La pili: nani anakula kupitia ugonjwa huu? Kila ulizo lina jibu lake.

Fikiri daraja. Serikali inatoa makuta ya kujenga daraja juu ya mto, wakubwa wanayakula, daraja halijengwi. Wanakijiji wana haki ya kukasirika, kuandika barua, kwenda korti. Lakini mutu akisema "kwa sababu wamekula makuta, basi hakuna mto", akatembea mbele, atazama. Mto uko pale pale. Wakubwa walioiba watakuwa kwao wamelala.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ebola. Bizinesi ilikuwepo, na virusi vilikuwepo. Waliokula makuta wengi walirudi kwao salama. Waliokufa walikuwa wamama wa Katwa, wanganga wa vituo vidogo, watoto wa Mangina na Mambasa.

Wakubwa nao walichanganya maulizo hayo. Walipoulizwa juu ya makuta, walijibu juu ya virusi. Walipoulizwa juu ya usalama, walijibu "nawa mikono". Mutu ambaye ulizo lake halijibiwi anajijibu mwenyewe, na mara nyingi anajijibu kwa uvumi.

Epidemi ingine ikitangazwa, uliza hivi

Kwa mpox, chanjo ilianza Goma tarehe 5, mwezi wa kumi 2024, na maulizo yalikuwa yaleyale. Magonjwa mengine yatakuja; tunaishi karibu na misitu, na mipaka yetu ina watu wengi. Kuuliza ni haki. Lakini uliza yule anayeweza kujibu, na uliza mapema.

Muulize munganga mukubwa wa sentre yako ya afya, ao relais wa kartye yako: ugonjwa huu unapita wapi, kwa hewa, kwa kugusa, kwa maji, kwa nyama? Dalili za kwanza ni zipi? Mutu anaambukiza tangu wakati gani? Dawa ipo? Matunzo ni bure, na kama ni bure, nani akiniomba makuta nimushitaki wapi? Mugonjwa wangu akilazwa, nitamuona namna gani? Kama ni chanjo: imekwisha kutolewa wapi, inaweza kuleta shida gani, na nikipata shida nirudi wapi?

Maulizo ya makuta yana njia yake. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na CODESA, kamati ambamo wanainchi wanakaa pamoja na wanganga. Pale mutu anaweza kuomba hesabu: proje imeleta nini, nani ameajiriwa, juu ya nini watu wa hapa hawakuchaguliwa. Redio ya jamii pia ni mahali pa kuuliza, na mukubwa anayekataa kujibu kwenye mikro, wasikilizaji wanamusikia akikataa.

Na wakati unangojea majibu ya ulizo la pili, usimufiche mugonjwa juu ya ulizo la kwanza. Homa isiyosikia dawa ya malaria siku mbili ama tatu, ipelekwe kwenye sentre. Mutu aliyekufa ghafla wakati wa Ebola, asioshwe nyumbani, hata kama unashuku kila jeep inayopita barabarani. Ukitaka, peleka mugonjwa leo asubuhi, na jioni uende kwenye kikao cha kartye kuuliza makuta yalikwenda wapi. Hakuna sheria inayokukataza kufanya yote mawili siku moja.